Unahamia Majuu? Hivi Ndivyo Unavyohamisha Keja Yako Bila Kuchomeka

Visa imetoka, tiketi iko kwa simu, na mathe tayari anapanga ni kuku wangapi watachinjwa siku ya kukuaga. Lakini ukifungua mlango wa keja yako pale Roysambu ama Umoja, kuna swali linakungoja: hii friji, sofa, tivi ya inchi 43, masufuria na vitabu vya miaka minne vinaenda wapi?

Kuna msee hungoja hadi wiki ya mwisho, halafu anauza friji kwa bei ya kutupa kwa sababu landilodi anataka funguo Ijumaa. Kuna mwingine anapakia kila kitu hadi pasi, analipia meli, kisha anagundua kwamba huko Toronto pasi yenyewe haishiki moto. Na kuna yule amerudi nyumbani baada ya miaka kumi: kontena imefika Mombasa, makaratasi hayajafika, na kila siku inayopita bandari inahesabu doo.

Wote watatu walikosa kitu kimoja: orodha iliyoandikwa mapema. Orodha ndiyo inakuonyesha cha kubeba na cha kuuza. Ndiyo wakala anatumia kukupa bei, ndiyo afisa wa forodha anaangalia kabla ya kukusamehe ushuru, na ndiyo watu wa bima watakuuliza kitu kikipotea. Hii hapa rada yote, kuanzia keja hadi bandarini.

Mzigo hulipiwa vipi?

Kuna njia tatu kubwa, na kila moja inahesabu pesa kivyake.

Ya kwanza ni begi la ndege. Mashirika mengi yanatoa begi la kilo 23 kwa tiketi ya kawaida, moja ama mawili kulingana na shirika na mahali unaenda. Soma tiketi yako, usiulize beshte yako aliyesafiri mwaka juzi. Begi moja huwa haliruhusiwi kupita kilo 32 hata kama uko tayari kulipa, juu kuna wafanyakazi wanaliinua kwa mikono. Begi la ziada ukilililipia mapema kwa intaneti mara nyingi ni nafuu kuliko kulipia kwa kaunta pale JKIA huku foleni inakuangalia. Kwa mwanafunzi ama mtu wa kazi ya kwanza, begi moja la ziada linaweza kumaliza hii stori yote.

Ya pili ni kargo ya ndege. Unapeleka maboksi, yanafika kwa siku chache. Noma iko kwa hesabu. Ndege inauza kilo na pia inauza nafasi, kwa hivyo wanapima uzito halisi, halafu wanapiga urefu mara upana mara kimo kwa sentimita na kugawanya kwa 6,000. Kampuni za kusafirisha vifurushi nyingi hugawanya kwa 5,000. Kati ya uzito halisi na jibu hilo, unalipia ile nambari kubwa.

Chukua boksi la sentimita 60 kwa 50 kwa 50 lenye blanketi na duveti. Kwa mizani lina kilo 9. Kwa hesabu ya nafasi ni 150,000 gawanya kwa 6,000, yaani kilo 25. Umelipa kilo 16 za hewa. Ndiyo maana vitabu na viatu vinafaa kargo ya ndege kuliko mito, na duveti hununuliwa huko mbele.

Ya tatu ni meli. Hapa unalipia mita za ujazo, ambazo mawakala huandika CBM. Lile boksi letu ni 0.15 CBM, kwa hivyo maboksi kama sita hivi na nusu yanajaza CBM moja. Sofa ya watu watatu yenye urefu wa mita 2.1, upana 0.9 na kimo 0.9 inakula CBM 1.7. Hiyo ni nafasi ya maboksi 11. Jiulize kama sofa hiyo ina thamani ya maboksi 11 ya vitu vyako.

Kama mzigo ni mdogo, unachangia kontena na watu wengine na kulipia CBM zako tu. Shida ni kwamba kontena ya kuchangia husubiri ijae, na ikifika, karatasi mbovu za mtu mmoja zinaweza kuchelewesha wote. Familia yenye vitu vya vyumba viwili au vitatu ndiyo hufikiria kontena nzima. Ile ya futi 20 ina nafasi ya karibu CBM 33, na ile ya futi 40 karibu CBM 67.

Kuhusu muda, hesabu kwa wiki nyingi. Meli za kutoka Mombasa kwenda Ulaya kwa kawaida hupitia Bahari ya Shamu na mfereji wa Suez, lakini mashambulizi ya Wahouthi yaliyoanza mwishoni mwa 2023 yalifanya kampuni kubwa kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini. Njia hiyo inaongeza siku. Usiweke kwa kontena kitu utakachohitaji mwezi wa kwanza.

Beba, uza, ama acha

Pita chumba kwa chumba na uandike kila kitu. Mbele ya kila kitu weka majibu matatu: kukisafirisha ni ngapi, kukinunua huko ni ngapi, na je, kitafanya kazi huko? Kitu kikifeli kwa mawili, kiuze.

Swali la tatu ndilo hushinda watu kwa vitu vya stima. Kenya tunatumia volti 240 na plagi ya vyuma vitatu bapa. Ukienda Uingereza, Qatar, Oman, Falme za Kiarabu au Saudia, plagi ni hiyo hiyo na stima inakaribiana. Ukienda Ujerumani, nguvu ya stima iko sawa lakini plagi ni ya mviringo, adapta ndogo inatosha. Kasheshe ni Marekani na Kanada. Huko ni volti 120, na mikrowevi, blenda, pasi na kettle ya Kenya vinakuwa mapambo. Chaja za simu na laptopu ziko sawa kila mahali mradi ziandikwe 100–240V. Geuza chaja yako uangalie maandishi madogo.

Tivi nayo ina shida ya pili. Hata ukipata stima sawa, mfumo wa kunasa stesheni za antena Marekani Kaskazini ni tofauti na wetu. Kioo kikubwa pia ndicho kitu rahisi kuvunjika safarini. Uza.

Vitu ambavyo kwa kawaida vinafaa kubebwa: vyeti vyote, dawa zenye karatasi ya daktari, miwani ya ziada, laptopu, vifaa vya kazi yako kama wewe ni kinyozi, fundi ama msusi, picha za familia, leso za shosho, na koti zito. Ndiyo, koti la baridi la maana linapatikana Gikomba ama Toi, na mara nyingi ni bei rahisi kuliko utakakoenda. Pawabenki na betri za ziada zinakaa kwa begi la mkononi, kamwe si kwa begi la chini.

Vitu vya kuuza: friji, mashine ya kufua, kitanda, godoro, sofa, kabati, na mtungi wa gesi. Huo mtungi hakuna meli ya mizigo ya nyumbani itaubeba. Weka picha kwa status ya WhatsApp, Jiji na Facebook Marketplace wiki sita kabla, bei ikiwa juu kidogo ili watu wapate nafasi ya kubonga. Mnunuzi akisema ametuma pesa, angalia salio lako la M-Pesa mwenyewe kabla mkokoteni haujaondoka. Meseji za uongo ziko nyingi.

Na vya kuachia familia, viandike pia. Nani anachukua nini, na ni zawadi ama ni kuwekewa? Ndugu wengi wamekosana kwa sababu mmoja alidhani anatunziwa meza, mwingine akajua amepewa.

Orodha ya kweli inakaaje

"Vyombo vya nyumbani, maboksi 10" hiyo si orodha. Afisa wa forodha akiona hivyo ana sababu ya kufungua kila boksi, na gharama ya ukaguzi inaweza kukurudia.

Kila boksi lipewe nambari, na nambari hiyo iandikwe pande mbili za boksi. Kwa daftari ama spredishiti, andika:

- Nambari ya boksi na kilicho ndani, kwa idadi: sahani 12, masufuria 5, vitabu 40.
- Kitu ni kipya ama kimetumika, na ulikinunua mwaka gani.
- Thamani yake leo, sio bei ya dukani ulipokinunua.
- Modeli na nambari ya siri iliyo nyuma ya kila kifaa cha elektroniki.
- Nani alipakia boksi hilo.

Piga picha ya kila boksi likiwa wazi. Risiti ulizo nazo zipige picha pia, hata zile za M-Pesa, maana nchi nyingi zinataka uthibitisho kwamba kitu kilikuwa chako kwa muda fulani. Weka nakala kwa barua pepe, nyingine kwa mtu unayemwamini nyumbani.

Nchi unayoenda inataka nini?

Habari njema ni kwamba nchi nyingi hazikutozi ushuru kwa vitu vyako ulivyotumia, mradi kweli unahamia huko. Lakini kila moja ina masharti, na ukikosa sharti moja unalipa.

Uingereza: msamaha huu unaombwa kwa fomu ya ToR1. Lazima uwe umeishi nje ya nchi hiyo angalau miezi 12 mfululizo, na vitu viwe vyako na umevitumia angalau miezi 6. Omba kabla mzigo haujafika, upewe nambari ambayo wakala wako ataitumia. Baada ya hapo usiuze wala kukodisha vitu hivyo kwa miezi 12.

Ujerumani na nchi nyingine za Umoja wa Ulaya: hesabu ni hiyo hiyo, miezi 12 ya kuishi nje, miezi 6 ya kumiliki na kutumia, na miezi 12 ya kutouza.

Kanada: hapa ndipo wengi wanateleza. Siku unayotua, hata kama mzigo bado uko baharini, unatakiwa kumpa afisa orodha mbili: ya vitu ulivyobeba na ya vitu vitakavyofuata. Fomu yao ni BSF186. Kitu ambacho hukukitaja siku hiyo kinaweza kutozwa ushuru kikifika.

Marekani: vitu vya nyumbani ulivyotumia angalau mwaka mmoja vinaingia bila ushuru, kwa fomu inayoitwa CBP 3299.

Australia: vitu viwe vyako na umevitumia angalau miezi 12. Halafu kuna watu wa usalama wa mimea na wanyama, na hao hawachezi. Buti yenye tope la shamba, fagio la makuti, kinyago chenye mashimo ya wadudu, vyote vinaweza kuzuiwa, kusafishwa kwa gharama yako ama kuchomwa. Osha viatu na baiskeli hadi ving'ae.

Ghuba: wengi wanaoenda Saudia, Qatar na Falme za Kiarabu kwa kazi za nyumbani, ulinzi au hoteli wanaenda na begi tu, na hiyo iko sawa, maana malazi mara nyingi hutolewa na mwajiri. Uliza kabla kama chumba kina matandiko na vyombo, na jibu liwe kwa maandishi. Kabla hujatoka Kenya, acha nakala ya mkataba, pasipoti, na nambari ya ajenti kwa familia. Nakala hizo ndizo familia itatumia kukutafuta mambo yakienda vibaya.

Vitu vitakavyokuingiza box

Nyama na vitu vya maziwa kutoka Kenya haviruhusiwi kwa begi la msafiri anayeingia Umoja wa Ulaya. Hiyo ni pamoja na nyama kavu, soseji, na mursik ya shosho hata kama kibuyu kimefungwa vizuri namna gani. Mboga mbichi kama sukuma na matunda mengi yanataka cheti cha afya ya mimea.

Miraa ni halali Maua lakini ni dawa ya kulevya ukivuka. Uingereza iliipiga marufuku Juni 2014, Uholanzi ilitangulia 2013, na Marekani, Kanada na nchi za Ghuba pia haziitaki. Usidanganywe na mtu kwamba "kidogo tu hakuna noma".

Dawa za maumivu zenye codeine ama tramadol zinahitaji kibali Falme za Kiarabu, na watu wamekamatwa kwa tembe chache. Beba dawa kwa pakiti yake ya asili na barua ya daktari.

Pembe za ndovu, ngozi na meno ya wanyamapori ni kosa kubwa tangu ukiwa Kenya, kwa sheria ya wanyamapori ya 2013. Vinyago vya mbao na viondo viko sawa, lakini makreti na paleti za mbao za kupakia mzigo lazima ziwe na muhuri wa kimataifa unaoonyesha zimechomwa joto ama kutibiwa dhidi ya wadudu. Wakala mzuri anajua hiyo bila kuambiwa.

Mzigo wa wenyewe usibebe

Ukitangaza unaenda majuu, utapigiwa simu nyingi. Mmoja anataka upelekee dadake unga na chai. Mwingine ni rafiki wa rafiki, ana begi dogo tu, kuna mtu ataliokota airport.

Machi 2025 Mkenya mmoja alihukumiwa kifo Vietnam baada ya kupatikana na zaidi ya kilo mbili za kokeini kwa begi. Alijitetea kwamba alipewa begi hilo kupeleka. Mahakama haikukubali. Ukisimama mbele ya afisa, swali la kwanza huwa: begi hili ni lako, na umepakia mwenyewe? Jibu lako ndilo linakufunga.

Kwa hivyo: kitu cha mtu kikija, kifungue, kitoe chote, kipakie mwenyewe. Mtu akikataa kifunguliwe, umeshapata jibu. Ni afadhali uitwe mwenye roho mbaya kwa WhatsApp ya familia.

Ukihamia hapa jirani

Kampala, Dar na Kigali pia ni nchi nyingine, ingawa unaenda na lori ama basi. Forodha za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinatumia sheria moja ya 2004, na inatambua vitu vya nyumbani vya mtu anayehamisha makazi. Usiseme "ni vitu vyangu tu" pale Busia, Malaba ama Namanga ukadhani imetosha. Beba orodha, kibali cha kazi ama barua ya mwajiri, na mkataba wa nyumba unayohamia kama unao.

Mzigo wa Kigali kwa barabara kwa kawaida unapitia Uganda ama Tanzania kwanza, kwa hivyo unahitaji karatasi za kupitisha mzigo. Rwanda hawataki mifuko ya plastiki tangu 2008, usipakie nguo kwa nailoni. Na kama una ndai, kumbuka wanaendesha upande wa kulia.

Ukirudi Kenya

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, juu watu hudhani nyumbani ni nyumbani. Bila msamaha, mzigo hutozwa ushuru wa kuingiza, ambao kwa bidhaa nyingi zilizotengenezwa tayari ni asilimia 25 ama 35 ya thamani pamoja na nauli na bima, halafu VAT ya asilimia 16 juu yake, na ada nyingine ndogo.

Sheria ile ya 2004 inamruhusu mkaazi anayerudi kuingiza nguo na vitu vya nyumbani alivyokuwa akitumia alikotoka bila ushuru. Afisa lazima aridhike kwamba kweli unahama. Mzigo ufike ndani ya siku 90 tangu ulipotua. Ukichelewa, unaweza kuomba Kamishna akuongezee muda, lakini usipite siku 360 tangu ufike. Tivi sita zikiwa bado kwa karatasi zake hizo si za sebule, hizo ni biashara, na zitatozwa hivyo.

Kwa gari masharti ni makali zaidi:

- Uwe na miaka 18 ama zaidi.
- Uwe umeishi nje angalau miaka miwili, na katika miaka hiyo miwili hujakaa Kenya zaidi ya siku 90 kwa jumla.
- Gari liwe lako na umelitumia huko angalau miezi 12.
- Umri wa gari usipite miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza.
- Uwe hujawahi kupata msamaha huu tena.

Hiyo ya siku 90 imechoma wengi. Ukija Desemba wiki tano, ukarudi kwa harusi wiki nne, halafu mazishi, halafu Desemba nyingine, umepita bila kujua. Muhuri wa pasipoti hausahau. Kama unapanga kurudi na gari, anza kuhesabu siku miaka miwili kabla, na tunza pasipoti ya zamani, logbook ya huko, na rekodi za bima.

Hakikisha PIN yako ya KRA inafanya kazi kabla meli haijafika. Bandari na kampuni za meli hukupa siku chache tu za bure. Baada ya hapo kuna kodi ya kuhifadhi mzigo na faini ya kukaa na kontena, na zinaongezeka kila siku. Mzigo usiochukuliwa hatimaye hutangazwa na KRA kwa orodha ya mnada. Hapo ndipo mashine yako ya kufua inapewa mtu mwingine kwa bei ya kutupa.

Kuchagua wakala

Kwa forodha ya Kenya, wakala anayetoa mzigo lazima awe na leseni ya KRA. Muombe jina kamili la kampuni na uthibitishe. Halafu pata bei kutoka kwa watu watatu, na kila mmoja umpe orodha ile ile, ama utalinganisha embe na nanasi.

Swali muhimu kuliko bei: bei hii inaishia wapi? Kuna bei inayoishia bandari ya huko, na kuna bei ya mlango hadi mlango. Ile ya kwanza huonekana tamu, hadi mzigo ufike na uambiwe ulipe gharama za bandari, forodha, kufungua kontena na lori. Mwambie aandike kwa karatasi kilicho ndani ya bei na kisicho ndani. Jina kwa hati ya shehena lifanane na pasipoti yako herufi kwa herufi.

Kisha bima. Uliza kama inalipa kitu kimoja kikivunjika, ama inalipa meli ikizama tu. Uliza pia kuhusu maboksi uliyopakia mwenyewe, kwa sababu bima nyingi hazilipi kilichovunjika ndani yake. Na kuna sheria ya kale ya baharini: meli ikipata ajali na gharama ikatumika kuiokoa, wenye mizigo wote huchangia. Ilitokea kwa Ever Given iliyokwama Suez Machi 2021. Usipokuwa na bima, mzigo wako unaweza kushikiliwa hadi utoe mchango wako kutoka mfukoni.

Ratiba fupi

- Wiki 10 kabla: orodha ya kwanza, masharti ya nchi unayoenda, bei tatu.
- Wiki 8: chagua wakala, tuma maombi ya msamaha wa ushuru.
- Wiki 6: anza kuuza vitu vikubwa.
- Wiki 4: notisi kwa landilodi kulingana na mkataba wako, na mkumbushe deposit.
- Wiki 3: pakia, weka nambari, piga picha.
- Wiki 1: pima mabegi, uza mtungi na godoro la mwisho.
- Siku ya safari: vyeti, orodha, dawa na nakala za karatasi za mzigo ziko kwa begi la mkononi. Vitu hivyo haviendi chini ya ndege.

Kama tarehe bado haijatoka, usingoje. Anza na jikoni usiku huu, ndiko kuna vitu vingi ambavyo hukumbuki ulinunua lini.